Yai la akiba la rotifa: ganda lake linalinda nini, na halilindi nini

Leo tunasoma kitu ambacho ukikiweka kiganjani hukioni, lakini kituo cha kutotolesha vifaranga vya samaki kinaweza kusimama au kuanguka kwa ajili yake: yai la akiba la rotifa. Tutaangalia ganda lake limejengwaje, lina nguvu gani, na nguvu hiyo inaishia wapi. Hapo pa mwisho ndipo penye pesa, kwa hiyo usikimbie njiani.

Kwa nini tunalizungumza

Mwenye kumbukumbu hajasahau. Tarehe 10 Desemba 2009 umeme ulikatika Unguja kwa hitilafu kwenye mfumo wa waya unaopita chini ya bahari kutoka Bara, na haukurudi mpaka Machi 2010. Kabla ya hapo, Mei 2008, tulikaa gizani karibu mwezi mzima. Waya mpya wa megawati 100 uliozinduliwa 2013 umetupunguzia hofu, lakini umeme kwenda saa mbili tatu bado tunakujua.

Sasa mfikirie kijana mwenye matangi ya kutotolesha mwatiko. Yai la mwatiko huangua kwa muda wa kama siku moja. Kifaranga anatoka na kiini chake tumboni, anakula hicho. Siku ya pili au ya tatu kiini kinakaribia kwisha na mdomo unafunguka. Mdomo wenyewe ni mdogo mno, na yeye hajui kuokota chakula kilichotuama chini. Anataka kitu kidogo, kilicho hai, kinachojongea polepole mbele ya macho yake. Kitu hicho ni rotifa. Akikosa siku zile mbili tatu, basi. Hata ukimletea chakula baadaye, ameshadhoofika na hawezi tena kukifukuza.

Na rotifa anayefugwa kwa wingi kwenye tanki anahitaji hewa usiku na mchana. Umeme umekwenda, jenereta imegoma, rotifa wanakufa leo na vifaranga wanakufa kesho kutwa. Hasara si ya kituo peke yake. Ni ya kila mwenye bwawa aliyekuwa anasubiri mbegu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Tuone kama akiba hii ya rotifa kweli haiozi.

Rotifa ni nani

Rotifa ni kidudu cha majini chenye vinyweleo kichwani vinavyozunguka kama gurudumu na kuvuta chakula mdomoni. Wale tunaowatumia kwa vifaranga wa baharini ni wa jenasi ya Brachionus. Zamani wote waliitwa Brachionus plicatilis. Baadaye wataalamu waligundua kwamba ni aina kadhaa zinazofanana. Sisi tuzikumbuke mbili:

- Aina kubwa, Brachionus plicatilis, yenye urefu wa mikroni 130 hadi 340, inayopenda zaidi maji ya baridi kiasi.
- Aina ndogo, Brachionus rotundiformis, yenye mikroni 100 hadi 210, inayostawi kwenye joto la nyuzi 30 na zaidi. Hii ndiyo inayoendana na maji yetu ya kaskazi.

Mikroni 1,000 ni milimita moja. Yaani rotifa mdogo akikua sana hafiki hata robo ya milimita.

Kabla ya kuwa chakula, rotifa alikuwa adui. Katika miaka ya 1950 na 1960 wafugaji wa mikunga wa Japani walimhesabu kama msumbufu wa mabwawa. Watafiti wao wakamgeuza: kama anazaana kwa kasi hivi, kwa nini tusiwalishe vifaranga wa baharini? Tangu hapo amekuwa chakula cha kwanza katika vituo vingi vya samaki wa baharini duniani.

Kwetu, Serikali ya Mapinduzi, kwa msaada wa FAO na shirika la misaada la Korea Kusini, KOICA, ilijenga kituo cha kutotolesha viumbe vya baharini Beit el Ras. Kituo kile kilikusudiwa mwatiko, kaa na majongoo bahari. Jongoo bahari mchanga anakula miani midogo tu, hana haja ya rotifa. Mwatiko na kaa wachanga ndio wanaomhitaji. Kwa hiyo kijana unayetaka kuingia upande wa mbegu, na si wa mabwawa peke yake, huyu huwezi kumkwepa.

Mayai ya aina mbili

Maji yakiwa mazuri na chakula kipo, majike wa rotifa hutaga bila dume. Mayai haya ya kawaida yana ganda jembamba, jike huyabeba nyuma yake, na huangua haraka. Ndiyo maana tanki linajaa ndani ya siku chache.

Hali ikibadilika, hasa wakisongamana sana, baadhi ya majike huzaliwa wakiwa wa aina nyingine. Mayai ya majike hawa yasiporutubishwa hutoa madume, vidume vidogo visivyokula chochote. Yakirutubishwa na madume hao, linapatikana yai la tofauti kabisa: zito zaidi, la rangi ya kahawia inayoelekea machungwa, lenye ganda nene. Ndani yake kiinitete kinakua kidogo, kisha kinasimama na kulala. Hilo ndilo yai la akiba.

Kwa ukubwa lina kama sehemu ya kumi ya milimita. Ujazo wake unafikia karibu asilimia 60 ya ujazo wa jike mzima! Mama anaweka mali nyingi kwenye yai moja, kwa sababu yai hilo halijui litaamka lini. Kwenye matope ya chini ya maji, mayai ya rotifa yenye umri wa zaidi ya miaka 40 yamepatikana yakiwa bado yanaweza kuangua.

Hapa nisahihishe jambo linalochanganywa. Mwaka 2021 ilitangazwa habari ya rotifa wa Siberia aliyeamka baada ya kuganda kwenye barafu ya ardhini kwa takriban miaka 24,000. Habari ni ya kweli, lakini yule ni wa kundi jingine, bdeloidi, ambao hulala wenyewe mwili mzima na hawana mayai haya. Mtu akikuuzia kichupa cha mayai kwa kukuambia yanadumu miaka elfu, mwambie aendelee na safari yake.

Ganda limejengwaje: chukua nazi

Njia rahisi ya kulielewa ganda hili ni kuangalia nazi kavu. Nje ina kumbi, nyuzi zilizosongamana, laini kiasi, zinazomeza kishindo nazi inapoanguka. Ndani ya kumbi kuna kifuu, kigumu, kinachokataa kubonyea. Ndani ya kifuu kuna nyama na maji, chakula cha mche. Na kifuu kina macho matatu, na moja ni laini: hapo ndipo chipukizi linapotokea. Nazi inaweza kuelea baharini wiki nyingi, ikatupwa ufukweni, ikaota.

Yai la akiba limejengwa kwa mantiki hiyohiyo, likiwa dogo mara elfu na zaidi. Ganda si ukuta mmoja. Ukilikata na kulitazama kwa hadubini ya elektroni unaona tabaka juu ya tabaka: la nje lenye uso usio laini, wenye mikunjo na vinundu, la kati lililoshikana, na la ndani linalokumbatia kiinitete. Mwaka 1996 watafiti, akiwemo Munuswamy wa India na Hagiwara wa Chuo Kikuu cha Nagasaki, walichapisha kazi inayoonyesha kwamba maganda ya plicatilis na ya rotundiformis yanatofautiana kimuundo. Kwa hiyo ganda ni kama muhuri wa ukoo.

Malighafi kubwa ya ganda ni kitini pamoja na protini. Kitini unakifahamu: ndicho kinacholipa ganda la kamba na la kaa uimara wake. Kazi ya kitini ni ya nyuzi, kukataa kuvutwa na kuchanika. Kazi ya protini ni ya kushikamanisha. Ukitaka mfano wa mjini, tazama nyumba ya Mji Mkongwe iliyovuliwa plasta: jiwe la matumbawe peke yake lingemomonyoka, chokaa peke yake ingevunjika, boriti peke yake zingeanguka. Zikishikana zinabeba ghorofa tatu. Vitu viwili vyenye udhaifu tofauti vikiungana, ufa ulioanza kwenye kimoja unakwama kwenye kingine.

Na jicho la nazi je? Lipo. Yai la Brachionus likiangua, ganda halisambaratiki ovyo. Linafunguka upande mmoja kama mfuniko na rotifa anatoka. Ukitazama kwa hadubini ya kawaida baada ya kuangulisha, unayaona maganda matupu yenye kifuniko kilichoinuka. Hiyo ni dalili njema: yai lililofunguka hivyo limetoa mtu.

Nguvu ya ganda: mambo manne

*1. Kubonyezwa na kugongwa.* Chukua yai la kuku. Lishike kiganjani ulikaze pande zote, halivunjiki kwa urahisi. Ligonge kwenye ukingo wa bakuli, linapasuka. Umbo la mviringo linagawa mzigo pande zote, lakini mzigo uliokusanyika sehemu moja unalishinda. Mafundi wana kanuni yake: kwa ganda jembamba la mviringo, unene ukiongezeka mara mbili, uwezo wa kukataa kubonyea mahali pamoja unaongezeka mara nne. Na yai likiwa kubwa mara mbili kwa unene uleule, uwezo huo unapungua nusu. Udogo wa yai la rotifa ni nguvu yenyewe. Ndiyo maana linapita kwenye pampu, linazungushwa na hewa ya tanki, linabebwa na ndege wa majini, na linabaki zima.

*2. Kukauka.* Kitini chenye maji ni laini, kinajipinda. Kitini kikavu ni kigumu lakini kinavunjika kwa urahisi. Wengi mnayajua mayai ya Artemia ya kwenye makopo: yakikauka yanabonyea upande mmoja kama mpira uliopungua upepo, yakipata maji yanajaa tena. Ganda linalojipinda linaokoa kilichomo ndani. Fundisho kwa mfugaji: yai la akiba likiwa kavu usilisugue, usilikwangue, usilisage na mchanga. Lilowanishe kwanza, ndipo ulioshe.

*3. Chumvi.* Maji ya bahari yetu yana chumvi ya kama gramu 35 kwa lita. Mvua ya masika ikishuka bwawani chumvi inaanguka. Jua la kaskazi likikaza maji kwenye mashamba ya chumvi kama yale ya Pemba, chumvi inapanda mara nyingi. Rotifa hai hawezi kuvumilia kila mruko. Yai la akiba linavumilia. Na hapa tunapata faida ya kazi: kwenye maji ya bahari ya kawaida yai hili linazama, kwenye maji ya chumvi kali sana linaelea. Tutalitumia jambo hilo muda si mrefu.

*4. Klorini.* Rotifa hai, siliati na bakteria wengi wanakufa kwa klorini upesi. Yai la akiba linahimili dozi inayowaua hao, kwa kuwa klorini lazima ile tabaka za ganda kwanza kabla ya kumfikia aliyelala. Lakini angalia neno langu: *kwanza*. Ni mbio za muda. Klorini kali humenya hata ganda la Artemia ndani ya dakika chache, na wenye vituo hufanya hivyo kwa makusudi. Ukizidisha dozi au ukisahau muda, utamenya mayai yako mwenyewe.

Ganda halilindi nini

Hapa ndipo vijana wengi wanapoteleza. Wanaona mayai mazuri, ya mviringo, magumu, wanadhani mali ipo. Ganda gumu si uhai. Nazi inaweza kuwa na kifuu kizima na ndani imeoza, na hujui mpaka uivunje.

Ganda linazuia mambo ya nje: kugongwa, chumvi, dawa, vijidudu. Halizuii saa iliyo ndani. Kiinitete kilicholala bado kinatumia akiba yake kidogo kidogo, na joto linaharakisha matumizi hayo. Kichupa kilichosahauliwa kwenye dirisha la jua kinazeeka haraka kuliko kilichokaa gizani kwenye friji.

Pia kuna kuamshwa nusu. Yai la akiba linataka vitu vitatu ili liamke: maji ya chumvi ya wastani, joto, na mwanga. Ukiliacha kwenye maji, chumbani penye joto, karibu na taa, unalipigia hodi kila siku. Likiamka pasipo chakula limepotea. Likiloweka na kukauka tena na tena linachoka.

Tazama kwa hadubini. Yai zima kiinitete chake kinajaza sehemu kubwa ya ganda, kina rangi, kina mipaka inayoonekana. Yai lililoharibika kiinitete kimesinyaa kikaacha nafasi kubwa tupu, au ni ukungu tu. Ganda la yote mawili linaweza kuwa sawa kabisa kwa nje. Kwa hiyo usinunue ganda. Nunua kinachoangua.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

1. Tengeneza. Fuga aina ndogo kwenye tanki kwa maji ya kijani yenye miani ya Nannochloropsis. Changanya maji ya bahari na maji baridi karibu nusu kwa nusu, maana kwenye chumvi kamili mayai ya akiba hupungua. Waache wasongamane. Wakianza kuonekana madume, vidogo na wenye mbio, kaa tayari.

2. Vuna. Zima hewa, acha maji yatulie. Mayai ya akiba yanazama pamoja na uchafu. Toa maji ya juu polepole, kusanya ya chini. Pitisha kwenye chekecheo la mikroni 50, mayai yanabaki.

3. Tenganisha. Uchafu ukiwa mwingi, hamishia mashapo kwenye maji yenye chumvi kali. Mayai yanaelea juu, mchanga na takataka nzito zinabaki chini. Yaokote juu.

4. Safisha. Ukitaka kuua siliati walioambatana, tumia klorini, yaani jiki, lakini anza na kijiko kimoja cha mayai, si mavuno yote. Pima dozi na dakika, osha kwa maji safi mengi kwenye chekecheo, kisha angulisha kijiko hicho. Kikiangua vizuri, endelea na mengine kwa dozi ileile na muda uleule. Andika kwenye daftari.

5. Hifadhi. Gawa mafungu mawili. Fungu la kwanza liweke kwenye maji ya chumvi, chupa iliyofungwa nailoni nyeusi, ndani ya friji, si kwenye barafu. Fungu la pili likaushe kivulini kwa upepo, si juani, ulitie kwenye kichupa kinachobana pamoja na pakiti ya kunyonya unyevu. Unyevu wa Unguja unaujua; kichupa kisichobana ni sawa na hakuna. Umeme ukikatika siku nyingi, fungu kavu ndilo la kutegemea. Andika tarehe na aina juu ya kila kichupa.

6. Pima. Kila baada ya miezi mitatu hesabu mayai 100, yatie kwenye kisahani chenye maji ya chumvi nusu, joto la nyuzi 25 hadi 28, chini ya taa. Angalia baada ya saa 24, kisha saa 48. Hesabu waliotoka.

Hesabu ya biashara

Tuseme kipimo kimetoa 60 kwa 100. Ukitaka rotifa 1,000 wa kuanzia, gawa 1,000 kwa 0.6: unahitaji mayai kama 1,667. Kipimo kikishuka hadi 30, unahitaji maradufu, kama 3,334. Kumbe kichupa kilekile, kwa macho kimejaa vilevile, thamani yake imeanguka nusu. Hii ndiyo maana ya kupima kabla ya kununua na kabla ya kuuza.

Sasa hesabu muhimu zaidi. Tanki la vifaranga la lita 1,000 lina mililita milioni moja. Ukitaka rotifa 10 kwa kila mililita, unahitaji milioni 10. Tuseme rotifa wako wanaongezeka mara mbili kwa siku. Ukianza na 1,000, siku ya 13 unao milioni 8.2, siku ya 14 unao milioni 16.4. Yaani wiki mbili. Ukianza na 100,000, siku ya 7 unao milioni 12.8.

Maana yake nini? Mayai ya akiba hayaokoi vifaranga walioko tankini leo. Yanaokoa mzunguko unaofuata, na yanakuokoa wewe usianze kuhangaika kutafuta mbegu ya rotifa ng'ambo ya bahari. Ukipanga mwatiko watage wiki ya nne, amsha mayai wiki ya pili. Na siku zote anza na mengi, muda unapungua nusu. Jambo la heri ni kwamba katika aina kadhaa za Brachionus, vizazi vya mwanzo vinavyotoka kwenye mayai ya akiba haviharakishi kutengeneza madume. Nguvu yote inaingia kwenye kuzaana kwa kasi.

Tahadhari: ganda hilohilo linaweza kukuponza

Ugumu wa ganda hauchagui rafiki. Umefuga aina kubwa mwezi uliopita, ukamwaga, ukatia klorini tankini, ukaona pamekufa kila kitu. Ukaingiza aina ndogo. Wiki mbili baadaye tanki limejaa rotifa wakubwa ambao mdomo wa kifaranga wa siku ya tatu hauwezi kuwameza. Wametoka wapi? Walikuwa chini, kwenye pembe na kwenye mabomba, ndani ya maganda yao, wakikungojea. Kwa hiyo klorini peke yake haitoshi. Sugua kuta na pembe, suuza kwa maji mengi, badilisha mawe ya hewa, acha tanki likauke, kisha suuza tena ukamwage mbali. Vyombo vidogo vipitishe kwenye maji yanayochemka.

Vilevile usiingize mayai ya akiba kutoka nje bila kibali, na usimwage maji ya tanki la mbegu ya kigeni moja kwa moja baharini au mkokoni. Pitisha kwenye chekecheo la mikroni 50 kwanza. Ukimwachia rotifa hai huenda akafa. Ukiliachia yai la akiba, wajukuu zako watalikuta.

Na wewe mwenye bwawa la udongo, usiseme somo hili halikuhusu. Matope ya bwawa lako yana benki yake ya mayai ya akiba. Ukilikausha bwawa kisha ukalijaza, baadhi yanaamka na kuwa chakula cha samaki wadogo. Kwa hiyo unapokausha kwa kusafisha, ondoa matope meusi yanayonuka, lakini usikwangue bwawa zima mpaka udongo mwekundu.

Basi, tulilouliza mwanzo: je, akiba haiozi? Akiba ya rotifa inaoza, polepole, ndani ya ganda zima lisiloonyesha dalili. Ganda linakupa muda. Kipimo cha kila miezi mitatu ndicho kinachokwambia umebakiwa na muda kiasi gani.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini yai kavu la akiba lisisuguliwe kabla ya kuloweshwa?
2. Una kichupa chenye mayai 10,000 na kipimo kimetoa 40 kwa 100. Ukiyaangulisha yote utapata rotifa wangapi, na kwa kuongezeka mara mbili kwa siku utafika milioni 10 siku ya ngapi?
3. Taja mambo mawili ambayo ganda linayazuia na mawili ambayo haliyazuii.
4. Tanki limetiwa klorini lakini rotifa wa aina ya zamani wamerudi. Waeleze wafanyakazi wako sababu, kwa maneno yako mwenyewe.

Fanyeni la pili kwa kalamu, msikisie. Anayetaka kuona hadubini inavyotumika aende na daftari kwa afisa ugani wa wilaya yake, au aombe ziara kwenye Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambayo iko hapahapa Unguja tangu 1978 na sasa ina kampasi Buyu. Somo lijalo tutapika maji ya kijani, maana rotifa aliyeamka anataka kula siku hiyohiyo. Kazi njema.